Vidole Vinne

Wamenichora vidole vinne.
Nikauliza, na cha tano?
Kijana wa kompyuta akacheka:
"Mzee Tenywa, katuni ndivyo zilivyo.
Kidole kikipungua, kazi inapungua."
Haya. Kupunguzwa nakujua mimi.
Kiwanda cha nguo kilitupunguza watu mia tatu kwa asubuhi moja,
na ndivyo nilivyoingia katika uigizaji:
kwa njaa,
na kwa kuwa nilikuwa na suti.

Misimu sita nilikuwa baba katika Nyumba Namba Tisa.
Tuliirekodi hapa hapa Walukuba, kwa mama Naigaga,
aliyetukodisha sebule kwa sharti moja:
saa kumi na mbili jioni tuwe tumetoka, apike.
Watoto watatu si wangu, mke si wangu,
kochi la kuazima, mguu mmoja tofali.
Hatukuwa na kicheko cha mashine.
Majirani walijaa dirishani, wakacheka hata kabla ya neno,
na siku moja sauti ikatoka nje ikanisahihisha:
"Hapo ulitakiwa ukasirike!"
Nikakasirika. Tukarudia.

Sasa wameigeuza ya watoto.
Inaitwa Kitindamimba na Mbuzi.
Mbuzi!
Yule wa kipindi kimoja tu,
aliyekula risiti ya ada ya shule mbele ya kamera
bila kuelekezwa na mtu,
leo anasema, anavaa miwani, anajua hesabu,
kila ukurasa amejaa yeye.
Mimi nina maneno matatu:
"Nani kamaliza sukari?"
Halafu nakohoa.
Hata kukohoa wameniandikia.

Studio iko juu ya duka la misumari,
kutani trei za mayai, mlangoni godoro.
Umeme ukakatika, na bwawa la umeme lile pale,
jiwe ukilirusha kwa nguvu linakaribia kufika.
Tukakaa gizani tukinuka jasho na gundi.
Uliporudi, kijana akanivika visikilizio,
nikauliza habari ya sukari,
na upande wa pili wa kioo mtu akanijibu:

"Kamaliza huyo huyo anayeuliza."

Robina.
Ule mvuto mdogo wa pumzi kabla ya "huyo",
ile "a" ya mwisho anaiacha mlango wazi.
Robina Kyakuwaire tulimzika Buwenge, mwaka wa saba huu,
nilishika kona ya nyuma ya jeneza, kulia,
udongo mwekundu ukaninasa kiatu.
Hakuwa mke wangu. Mke wangu yuko nyumbani,
na hakuwahi kumwonea wivu hata siku moja;
alisema, mwanamke anayekujibu hivyo
ni dada yangu.

Ni binti wa Bugembe, Shamimu, miaka ishirini na miwili.
Amejifunza kwa kanda za zamani, usiku, sauti ya chini,
mtoto wake amelala.
Akavua visikilizio: "Nimekosea, mzee?"
Sikupata la kusema.
Kijana akasema, "Turudie. Mzee umesahau kukohoa."

Gauni lake wamelipaka manjano.
Lilikuwa la kijani, limechujuka kwapani,
lakini watoto, wanasema, wanapenda manjano.
Humo ndani hazeeki, haugui,
kesho ni Jumamosi tena na sukari imekwisha tena.
Niliomba kitu kimoja tu:
chini ya kochi, tofauti na yote, wekeni tofali.
Kijana akaandika kiganjani kwa kalamu.
Nikajua jasho litalifuta.

Jumapili nimetazama na mjukuu wangu Kagoya.
Alinishika mkono akavihesabu vidole vyangu,
akatazama runinga, akavihesabu tena.
"Huyo si wewe," akasema.
"Si mimi," nikasema.
Manjano ikapita mlangoni na sinia, ikajibu lile jibu,
Kagoya akacheka pale pale walipochekea majirani.

Na tofali lipo.
Wamelichora hadi pembe iliyomeguka.
Mbuzi analitafuna.